Je, maambukizi ya ukeni na ya njia ya mkojo ni ugonjwa mmoja?

Mama wa Kaptembwo, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Tangu Januari nimetibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu, na kila mara nilipewa antibiotiki baada ya mkojo kupimwa kwa kijiti tu. Safari hii, kabla hata sijamaliza dozi, nilianza kuwashwa ukeni na kutokwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, na nikienda haja ndogo bado nasikia moto. Je, ni ugonjwa mmoja unaohama, au ni miwili?

Muuguzi, Kisumu
Pole sana, dada. Ni magonjwa mawili, ila yanaishi ua mmoja. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4, na tundu lake liko mbele kidogo tu ya uke, kwa hiyo bakteria wa utumbo, hasa E. coli, ambao ndio chanzo cha sehemu kubwa ya maambukizi ya mkojo, hutua kwanza karibu na uke kabla ya kupanda hadi kwenye kibofu. Uke wenye afya huwazuia, kwa kuwa una bakteria wake wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi. Hao wakipungua, kama katika yale maambukizi yenye harufu ya samaki, E. coli hupata makao. Antibiotiki nazo hazichagui: huua hata laktobasili, huku kuvu wa Kandida, ambao dawa hizo haziwagusi, wakistawi. Dalili zako zinafanana na za kuvu, ingawa kipimo ndicho kitakachoamua.

Swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizwi ni hili: moto huo unausikia wapi? Ukiwa ndani, na haja inakurudisha chooni kila mara kwa matone machache, kishuku kibofu. Mkojo ukichoma pale tu unapogusa ngozi ya nje iliyovimba, chanzo huenda ni ukeni. Tena kijiti huweza kupotosha, maana seli nyeupe kwenye mkojo pengine zimetoka katika uchafu wa uke. Omba mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe hadi watambulike, ukikinga ule wa katikati baada ya kuacha wa kwanza upite, na majimaji ya uke yapimwe pia.

Mkulima, Kakamega
Mimi nilitibiwa mkojo hivyohivyo hadi nilipopimwa ukeni na kukutwa na trikomonasi, kimelea anayeweza kukaa ukeni na hata kwenye mrija wa mkojo. Mume wangu alilazimika kutibiwa pamoja nami, na kumshawishi kulinichukua jioni mbili. Isitoshe, nilikuwa nikijiosha ndani kwa sabuni, nikidhani ni usafi.

Muuguzi, Kisumu
Sabuni ya ndani iacheni kabisa, kwani huvuruga laktobasili haohao. Na mwenye homa, maumivu ya ubavuni au kutapika, au aliye mjamzito, asisubiri hata siku moja.

Mama wa Kaptembwo, Nakuru
Nimejichunguza leo asubuhi: moto ni wa nje. Je, niache vidonge vilivyobaki?

Muuguzi, Kisumu
Usiviache wala usiongeze vingine vya dukani kabla ya kuonana na daktari. Nenda kesho, na ubebe pakiti za dawa zote tatu ili aone ulichokwisha kumeza.