Chevelle ya 1970, V8 350, Lubumbashi: moshi mweusi na joto. Nitunze moteri ya asili au nibadilishe?

Malibu70_Lshi

Bakubwa, jambo yenu. Naomba shauri la wanaozijua V8 za Marekani kwa ndani.

Gari ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, milango miwili, moteri 350 (lita 5.7) iliyotoka nayo kiwandani, kabureta ya Quadrajet ya midomo minne, gia otomatiki, delko (kigawanya moto wa buji) ya platini. Iko Lubumbashi, mita 1200 hivi juu ya bahari. Shida ni mbili. Kwanza moshi mweusi hata moteri ikishapata moto: buji zina masizi makavu, harufu ya esansi mbichi inajaa garaji. Pili, kwenye barabara ya Kasumbalesa, nje ya mji, joto linakaa 85 bila wasiwasi, lakini kwenye foleni ya mjini sindano inapanda hadi 105.

Naambiwa nitoe 350 niweke moteri ya Toyota, kwa sababu piyesi zake ziko kila kona. Sitaki. Chevelle bila ule mngurumo wake ni bati lenye viti. Lakini kabureta ya mwaka ule inaweza kweli kufanya kazi safi kwenye mwinuko wetu? Nianzie wapi?

Ruashi_V8

Ni mwinuko, ndugu. Hapa hewa ni nyepesi, esansi inazidi hewa, moshi unakuwa mweusi. Shusha jikleri (kitundu kinachopima esansi) namba nne au tano, utaona umepona.

Mama_Buji

Ruashi, kwa heshima, usimpeleke huko. Mwinuko tunausingizia mengi. Tupige hesabu: kwenye mita 1200 uzito wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 11, lakini kabureta haiongezi utajiri wa mchanganyiko kwa kiasi hicho chote. Inaongeza kama asilimia 6. Asilimia 6 inakupa buji za kahawia iliyokolea na matumizi makubwa kidogo. Haikupi moshi mweusi wala esansi mbichi. Mahali fulani pana kitu kibovu, na ukishusha jikleri namba nne utakuwa umefunika ubovu kwa ubovu mwingine: siku ukirekebisha kile cha kwanza, mchanganyiko utakuwa mkavu hadi uchome vali.

Malibu, fuata mpangilio huu, usiruke.

Anza na choki. Kwenye Quadrajet ya 1970 springi ya joto haiko kwenye kabureta yenyewe, iko kwenye kishimo juu ya manifoldi, na inasukuma kipepeo kwa kifimbo. Ile njia ya moshi moto chini yake ikiziba kwa kaboni, springi haipati joto, kipepeo kinabaki nusu kimefungwa siku nzima. Moteri ikiwa moto, fungua kifuniko cha hewa uangalie: kipepeo kisimame wima kabisa.

Halafu presha ya pampu ya esansi. Boya la Quadrajet ni dogo, halina nguvu ya kushindana na pampu kali. Ukipima ukapata 5 hadi 6 psi (kipimo cha presha) ni sawa. Watu wanaweka pampu ya umeme ya gari la injeksheni (lisilo na kabureta), presha inakuwa mara saba au zaidi, sindano ya boya inasukumwa wazi na esansi inamwagika moja kwa moja kwenye manifoldi.

Tatu ni boya lenyewe, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi. Si la shaba. Ni la plastiki nyeusi yenye vitundu kama sifongo iliyobanwa, na baada ya miaka mingi linakunywa esansi. Likishakunywa linazama, kiwango ndani ya bakuli kinapanda, moshi unakuwa mweusi kila mwendo. Kwa macho linaonekana zima.

Nne, pistoni ya kuongeza esansi, ile ndogo katikati inayobeba sindano mbili za jikleri. Vakyumu (mvuto wa hewa wa moteri) inaivuta chini, springi inaisukuma juu. Ikikwama juu kwa uchafu, gari linakunywa kama linapanda mlima kila wakati. Ibonyeze kwa bisibisi nyembamba: ishuke laini, irudi yenyewe. Mwinuko una neno lake hapa. Kwenye usawa wa bahari 350 nzima inatoa vakyumu ya inchi 18 hadi 21 za zebaki ikizunguka bila kukanyagwa esansi. Lubumbashi moteri ileile nzima itatoa 14 hadi 17. Fundi asiyejua hilo anasoma 15, anasema ringi zimekufa, anafungua moteri isiyo na ugonjwa. Na kama mtu aliweka springi ngumu kwenye hiyo pistoni, vakyumu yetu ndogo haiwezi kuishikilia chini.

Ukimaliza hayo manne, ndipo uguse jikleri. Namba iliyopigwa juu yake ni kipenyo kwa elfu za inchi. Shusha namba moja tu, ukomo mbili, kwa sababu sindano imeshajaza sehemu kubwa ya tundu na namba moja peke yake inapunguza esansi kwa karibu asilimia 4.

Fundi_Katuba

Nimesoma ya Mama Buji, sina la kuongeza kwenye kabureta. Nichukue joto.

Linapoa kwenye mwendo, linapanda kwenye foleni: basi radiateri yenyewe inapitisha maji vizuri. Kinachokosekana ni hewa au moto wa buji umechelewa. Angalia kama kile kizingio cha plastiki kinachozunguka feni bado kipo. Kwenye gari nyingi za umri huu kilivunjika kikatupwa, feni inazungusha hewa ileile badala ya kuivuta kupitia radiateri. Kisha shika feni, moteri ikiwa moto na imezimwa: ikizunguka bure kama gurudumu la baiskeli, klachi yake imekwisha.

Kuhusu moto wa buji. Mwaka 1970 General Motors waliweka valvu ya umeme inayokata vakyumu ya delko kwenye gia za chini, ili kupunguza moshi. Maana yake kwenye foleni moto unachelewa, esansi inamalizikia kuungua kwenye ekzosi, na joto linarudi kwenye vichwa vya moteri. Unganisha mpira wa kapsuli ya delko moja kwa moja kwenye manifoldi, na ile valvu na waya zake zihifadhi kwenye kisanduku. Usizitupe, ni sehemu ya gari.

Rekebisha platini kwanza, moto baadaye, kwa sababu ukigusa platini moto unahama. Delko hii ina kidirisha cha bati pembeni. Moteri ikiwa inazunguka, inua kidirisha, ingiza ufunguo wa alleni wa inchi 1/8, kaza taratibu mpaka moteri ianze kukosa, kisha rudisha nusu mzunguko. Kipimo cha platini (nyuzi za mzunguko zikiwa zimefungwa) kinachotakiwa ni nyuzi 30.

Baada ya hapo toa mpira wa vakyumu, uzibe, pandisha moteri hadi mizunguko 3000 na zaidi, funga delko taa ya kupimia moto ikisoma nyuzi 34 hadi 36. Rudisha mpira. Ukisikia moteri inagonga kama changarawe kwenye kopo wakati wa kupanda kilima na gia kubwa, rudisha nyuzi 2. Moteri hii ilitoka na mbano wa 10.25 kwa 1, ilikuwa inataka esansi nzuri. Mwinuko unatusaidia hapo: hewa ikiwa nyepesi, silinda inajaa kidogo na mgongano unapungua.

Tahadhari moja. Ile puli kubwa mbele ya moteri ina pete ya nje iliyogandishwa kwa mpira. Mpira ukizeeka pete inateleza na alama ya moto inasema uongo. Hakikisha alama inasoma sifuri wakati pistoni namba 1 iko juu kabisa, ndipo uiamini taa.

Na hiyo 105 isikutishe kupita kiasi. Hapa maji wazi yanachemka kwenye 96, lakini kifuniko cha radiateri cha psi 15 kikiwa kizima, yanavumilia hadi karibu 119. Kifuniko kibovu ndicho kinachokuacha barabarani. Weka maji yasiyo na madini, yale ya batri, nusu kwa nusu na dawa ya radiateri.

Namba_za_Chuma

Kuhusu kubadilisha moteri: tafadhali usifanye kabla hujasoma namba. Mbele ya moteri, upande wa kulia, chini kidogo ya kichwa, kuna sehemu bapa iliyopigwa herufi na tarakimu. Zisafishe kwa esansi na kitambaa, USITUMIE msasa wala brashi ya chuma, maana namba zimepigwa juujuu. Mwisho wa namba ya shasi ukionekana hapo, una moteri iliyozaliwa na gari hilo. Nyuma, karibu na gia, kuna tarehe ya kumiminwa chuma: herufi ya mwezi, siku, tarakimu ya mwaka. B 14 0 ni tarehe 14 Februari 1970. Iwe kabla ya tarehe ya kuunganishwa gari, si baada.

Na kama mtu alibandika alama za SS (toleo la nguvu la Chevelle), zitoe. SS ya 1970 ilitoka na moteri ya 396 au 454 tu. Huo ndio mwaka General Motors waliondoa kikomo cha inchi 400 kwa magari ya kati, ndiyo maana 454 LS6 ikafika farasi 450. Malibu ya 350 yenye farasi 300 haina haja ya kuazima jina. Mwaka uliofuata mbano ulishushwa kwenye moteri zote za kampuni, kwa hiyo unachoshika ni cha mwisho cha namna yake. Inastahili kubaki ilivyo.

Goma_Quadrajet

Huku tuko mita 1500, hayo ya Mama Buji yanafanya kazi vilevile. Niongeze janti, kwa sababu kosa hili linaua. Chevelle ina nati 5 kwenye duara la mm 120.65. Janti za BMW ni 120. Zinaingia ukilazimisha, nati hazikai katikati, studi zinakatika. Na studi zenyewe ni 7/16 za inchi, nati ya Toyota ya mm 12 si yake. Sanduku la spana za inchi linunue kabla ya rangi. Spana ya 15 kwenye bolti ya 9/16 inakula kona zake mara moja.

Malibu70_Lshi

Aksanti sana bakubwa. Choki iko wima, presha ni 5.5, pistoni inarudi vizuri. Imebaki boya. Nalijuaje kama limekunywa, na nikilifungua nipime nini? Pia, oili gani?

Mama_Buji

Kabla ya kufungua: nati kubwa ya inchi 1 mbele ya kabureta, nyuma yake kuna filta ndogo na springi. Mwili wa kabureta ni aloi laini ya zinki. Shika hiyo nati kubwa kwa spana moja, fungua ya bomba kwa nyingine, na wakati wa kurudisha ianze kwa vidole. Ukikaza kwa hasira uzi unatoka na kabureta imekufa.

Boya likaushe juani siku nzima, lipime kwenye mizani ya sonara, andika gramu. Litumbukize kwenye glasi ya esansi usiku kucha likibanwa lisielee, lipanguse, lipime tena. Likiongezeka uzito, ni la kutupa, hakuna dawa. Jipya kabla ya kufunga kifuniko: gasketi ikiwa imetolewa, bonyeza kidogo mkono wa boya juu ya sindano, pima kutoka uso wa bakuli hadi juu ya boya kwenye ncha yake. Inchi 1/4, yaani mm 6.4. Kabureta ikiwa wazi, geuza uangalie vizibo chini ya bakuli. Vikiwa na unyevu vinavuja usiku, vipake gundi ya epoksi inayostahimili esansi. Na mafuta ya bakadhafi (wauzaji wa esansi wa barabarani) usiyamimine moja kwa moja: yaache kwenye bidoni iliyo angavu saa kadhaa, maji yanakaa chini na utayaona.

Oili: kamshafti ya 350 inasuguana bapa kwa bapa, inataka zinki, na oili nyingi mpya za esansi zimepunguziwa. Chukua 15W-40 ya dizeli yenye alama CI-4, ile ya malori ya migodi, hapa haikosekani. Lita 4.7 pamoja na filta.