Wakala kanikatia tiketi ya Barbados bila kuniambia viza ya kupita London, na hela ya hoteli kanitoza maradufu

Wakuu, juzi usiku nimerudishwa kutoka uwanja wa ndege wa JNIA hapa Dar na begi langu halijafunguliwa. Mdogo wangu anaolewa Bridgetown, hukohuko Barbados, Jumamosi na mimi nipo Tabata.

Wakala aliniandikia, meseji ninayo: "Barbados Mtanzania haendi na viza, wewe lipa tu." Barbados kweli hatuhitaji viza. Lakini tiketi aliyonikatia inashuka Heathrow, halafu ndege ya pili inaondokea Gatwick! Hivyo ni viwanja viwili tofauti, lazima upite uhamiaji wa Uingereza uingie nchini. Na hata ungebaki Heathrow hiyohiyo unasubiri kuunganisha, Mtanzania wa kawaida kama mimi anadaiwa viza ya kupita. Dada wa kaunta alipekua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, akafika mwisho, akaanza upya. "Viza ya Uingereza iko wapi?" Nikampigia wakala palepale, simu inaita tu. Asubuhi ndiyo ananijibu eti tupitishe Marekani. Marekani nako hupiti bila viza, hata kama unabadilisha ndege tu!

La hoteli ndilo limenichoma kabisa. Alinitoza dola 160 za Marekani kwa usiku, siku sita. Jana nikampigia mwenye nyumba ya wageni mwenyewe kumwomba anirudishie chochote. Akaniambia bei yake ni 160, ila za Barbados. Dola yao imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1975, mbili kwa moja. Yaani ilikuwa 80! Dola 480 zangu zimeliwa hivihivi, na nilizikusanya mwaka mzima.

Tangazo lake bado linazunguka, kijana yuko ufukweni na kofia ya kombati. Barbados raia haruhusiwi kuvaa mabaka ya jeshi, hata mtoto, kama JWTZ wanavyokataza huku kwetu. Anauza kisiwa asichokijua.

Pesa yangu nataka yote, ya tiketi na hizo 480. Risiti ninazo. Aliyewahi kumdai wakala akalipwa, ulianzia wapi, polisi au FCC, ile tume ya ushindani? Na wewe mwenye tiketi ya huko mkononi, angalia sasa hivi ndege yako ya pili inaondokea uwanja gani.