Shule ya kata hapa Tanga ina bango la ufaulu asilimia 96, huku inatugawia barua tuwahamishe watoto wetu

Wakuu salaam. Mie si mtu wa kuanzisha nyuzi, kazi yangu humu ni kusoma na kupita. Leo yamenifika shingoni. Uzi mrefu, mtanisamehe.

Nipo Ngamiani, fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha tatu kwenye shule ya kata hapahapa jijini. Jina la shule silitaji kwa sababu mwanangu kesho asubuhi ataingia tena kwenye geti lao.

Na getini hapo ndipo lilipo bango. HONGERENI KIDATO CHA NNE 2024, UFAULU 96%. Tangu Januari limening'inia, limeshapauka kwa jua na kona moja imekatika, lakini ile 96 unaiona ukiwa kwenye bajaji. Ninaye mteja, dada wa Pongwe, alimtoa mtoto wake kule akamleta mjini kwa shangazi yake ili tu apate nafasi kwenye shule ya bango. Alinishonesha na sare. Nami nikampongeza, Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni. Jumanne ya juzi nimeitwa shule kwa barua. Nikajua mtoto kapigana. Kufika nakuta tuko wazazi kumi na tisa, tumekalishwa kwenye chumba cha maabara, zile sinki zimejazwa madaftari ya zamani. Mwalimu wa taaluma akaingia na bahasha, akaanza kugawa karatasi. Imeshachapwa na kutolewa kopi, kilichobaki ni kujaza jina:

"Mimi mzazi/mlezi wa ............ naomba kwa hiari yangu mwenyewe mtoto wangu ahamishwe shule kutokana na sababu za kifamilia."

Kwa hiari yangu. Sababu za kifamilia. Yaani familia yangu ina sababu ambazo wao wamezijua kabla yangu, na wamezichapa kopi kumi na tisa!

Nikanyoosha mkono nikauliza, mwalimu, sababu yenyewe ipi? Akasema kwa upole kabisa, "Mama, sisi tunakusaidia. Kijana wastani wake ni 27. Mwakani ndio mwaka wa mtihani, akisajiliwa hapa atatuangusha." Kwamba ama tumtafutie shule nyingine, ama akae nyumbani aje kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Atatuangusha. Neno hilo nimelala nalo wiki nzima. Mtoto niliyewapa akiwa na miaka kumi na nne, nikamnunulia kila kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga mpaka fyekeo na rimu ya karatasi, leo yeye ndiye anawaangusha wao.

Pembeni yangu alikaa baba mmoja, mtu mzima, kwa harufu tu nilijua katoka moja kwa moja Deep Sea kwenye samaki. Ile karatasi kaishika juu chini. Akaniinamia akaniuliza, "Dada, natia sahihi wapi?" Nikamwambia, baba usitie, kwanza nikusomee. Nilipofika kwenye "kwa hiari yangu" akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kofia, akaondoka bila kuaga. Wengine walitia sahihi. Nilihesabu sahihi kumi na moja kabla sijatoka.

Nilivyorudi kibandani sikushika kazi ya mtu. Nikamwambia binti wa dada yangu, hebu fungua hayo matokeo kwenye simu, tuione hiyo 96 ilikotoka. Yanapatikana kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, kila shule na namba yake, na mtu yeyote anaweza kuyafungua. Yeye anasoma, mie naandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia.

Waliofanya mtihani 131. Divisheni ya kwanza 3. Ya pili 9. Ya tatu 17. Ya nne 97. Sifuri 5.

Hapo ndipo ilipo 96 yao: toa hao watano, waliobaki wote "wamefaulu". Hesabu si ya uongo. Ila mzazi anayesoma bango hajui kwamba divisheni ya nne inaanzia pointi 26 mpaka 33, na kwamba 33 unaipata kwa D mbili tu. D ya Kiswahili, D ya Uraia, kwingine kote F. Yanahesabiwa masomo saba, D ni pointi nne, F ni tano, na pointi chache ndiyo bora: nne na nne ni nane, F tano ni ishirini na tano, jumla thelathini na tatu. Au C moja na F sita, ni kulekule. Huyo yumo kwenye bango. Hongera zile ni zake pia. Na kidato cha tano haendi, maana kule wanataka C tatu. Kwenye wale 97, waliokaa kwenye 32 na 33 tumewahesabu 41.

Kwa hiyo waliopata kitu cha kuendelea nacho moja kwa moja, divisheni ya kwanza mpaka ya tatu, ni 29 kati ya 131. Kama mmoja kwenye kila watano. Hilo bango wasingelitundika.

Shuka chini zaidi ya ukurasa, pana jedwali la somo kwa somo, ambalo watu hawafiki. Hesabu: kati ya 131 wamefaulu 14. Najua Hesabu ni kilio cha nchi nzima, hata kitaifa wanaoipata ni kama robo tu. Lakini 14?

Haya, lakini kilichonitoa machozi si hicho. Binti akaniambia, mamdogo, hawa wa 2024 walifanya upimaji wa kidato cha pili mwaka 2022, na yale nayo yapo. Tukafungua. Waliosajiliwa pale walikuwa 214.

Mia mbili kumi na nne. Miaka miwili baadaye 131. Watoto 83 wako wapi?

Msiniambie wamehama wote. Wapo waliohama kweli, wazazi wamepata kazi kwingine. Wapo waliofeli kidato cha pili wakakaririshwa, sawa, ndio utaratibu. Nao walioshika pikipiki nawajua wawili kwa majina, mmoja ndiye hunipelekea nguo kwa wateja. Wasichana waliobeba mimba wapo, na tangu 2021 serikali imesema warudi darasani, ila kurudi wanarudi wangapi kwenye shule inayokuhesabu kama mzigo? Halafu ndio hao wa barua. Zile za kwetu Jumanne hazikuwa za kwanza, mama mmoja pale kaniambia mwanawe wa mbele alipewa ileile, ila kopi yake ilikuwa imefifia.

Kwenye ile meza nikaandika 29 chini ya 214. Kila watoto mia walioketi kidato cha pili, kumi na watatu, kumi na wanne. Hiyo ndiyo shule ninayoijua mie. Ile ya getini siijui.

Na ukitaka kuona walikomwagwa, watahiniwa wa kujitegemea wana kurasa zao, namba za vituo vyao zinaanza na P badala ya S. Zile F za kule hazimo kwenye bango la mtu.

Sasa niwape na kichekesho. Kikao cha wazazi cha Machi, mkuu wa shule alisimama na bango kitita akatangaza kwamba wastani wa shule, ile GPA, "umepanda" kutoka 3.8 hadi 4.0. Ukumbi mzima makofi. Mjumbe wa bodi akasimama kushukuru. Nami nilipiga makofi! Wakuu, kwa hesabu za Baraza A ni 1 na F ni 5. Ikipanda mmeanguka. Wazazi tumechanganyikiwa tangu zile enzi za Distinction na Merit, ambapo kubwa ndiyo ilikuwa nzuri, kabla hatujarudishiwa divisheni 2016. Lakini mkuu wa shule naye hajui? Au alijua hatujui? Nashindwa kuamua lipi baya zaidi.

Najua wanakuja wa kuniambia mwanao kilaza, mkubali. Sawa, njooni, ila niwaoneshe daftari lake la Fizikia. Tangu Januari kurasa kumi na moja. Mwalimu wa Fizikia wa serikali ni mmoja shule nzima, wa pili ni kijana wa kujitolea tunayemlipa sisi kwa michango, na mchango ukichelewa haji. Kurasa zenyewe kanakili ubaoni kwa Kiingereza, herufi nzuri kuliko zangu. Nikamuuliza mstari mmoja maana yake nini, akacheka, akaniambia mama hata mwalimu alituambia tukariri. Mtoto huyuhuyu kashusha mota ya cherehani yangu akairudisha inafanya kazi. Kasoma miaka saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akageuziwa kila kitu, halafu wastani 27 ni aibu yake peke yake.

Michango sitaki hata kuigusa, nitaharibu uzi. Ada ya elfu ishirini ya shule za kutwa ilifutwa 2016, tukashangilia. Niulizeni leo nalipa nini: chakula, mlinzi, mitihani ya kila wiki, huyo wa kujitolea. Risiti nimepata moja tu, ya mlinzi.

Walimu siwachukii, hili nalisema wazi. Darasa la watoto themanini na kitu, mwalimu mmoja, na juu yake mtu wa wilaya anataka asilimia, juu yake mtu wa mkoa anataka asilimia. Baraza lilipoacha kutangaza shule kumi bora, yale matokeo ya 2022 yaliyotoka Januari 2023, nilisema afadhali, mashindano yatapungua. Wapi. Yamehamia getini. Mwalimu wa taaluma nikimtazama ni kijana, pengine naye kaambiwa asipopandisha atahamishiwa kijijini. Lakini njia aliyoiona ni kumpunguza mwanangu, na hapo ndipo tulipogombana.

Mie mdogo wangu ni wa kundi la kidato cha nne 2012. Mnalikumbuka, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima sifuri, ikaundwa tume, matokeo yakapangwa upya. Aibu ilikuwa ya taifa zima, mpaka Waziri Mkuu aliulizwa. Lakini wale watoto walisajiliwa, wakafanya mtihani, wakahesabiwa, ndiyo maana nchi ikashtuka. Hawa wa siku hizi wanaondolewa kabla ya kuhesabiwa, kwa barua ya hiari, na nani atashtuka?

Kwa hiyo ndugu zangu mnaouliza humu kila Januari "shule gani nzuri Tanga", msiulize asilimia. Fungueni matokeo ya kidato cha nne mhesabu ya kwanza mpaka ya tatu. Halafu rudini miaka miwili nyuma, upimaji wa kidato cha pili wa watoto walewale, mlinganishe idadi. Shule iliyoingiza 120 ikatoa 110, hata kama ina sifuri nyingi na getini hawana bango, mie mwanangu ningempeleka hiyo. Dada wa Pongwe nimeshamwambia. Hajanijibu, nadhani kanuna.

Ninachoomba kwenu. Shule "mbadala" waliyonitajia ni ya mbali, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli ya mwanafunzi mia mbili ukimpata konda anayekubali kumpakia, na mnawajua makonda. Kwa hiyo kuhama sihami. Kuna aliyewahi kupeleka jambo kama hili kwa Afisa Elimu Sekondari wa jiji? Nianzie kwa mratibu wa kata au nipande moja kwa moja? Je, mkuu wa shule anaweza kukataa kumsajili mtoto kwa mtihani mzazi asipotia sahihi? Mwenye kujua waraka anitajie namba yake, nisiende na maneno matupu. Yule baba wa Deep Sea nimempata, yuko tayari twende wote, na kina mama watatu.

Mwisho wa kurudisha barua ni Ijumaa. Ile ya kwanza nimeipiga picha nikaificha kwenye sanduku la vyeti. Jana wamemtuma mtoto na nyingine, wakidhani nimeipoteza. Hiyo nimekatia kipimo cha kola.