MREJESHO: Mafao ya mzee aliyeambiwa michango haijakamilika

Habari zenu wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu baba yangu, mwalimu mstaafu wa huku Tukuyu, faili limekwama eti kuna miezi mwajiri hakupeleka michango, na kuna jamaa alikuwa anapiga simu anataka laki tatu "aharakishe".

Kwanza yule jamaa ni kishoka, asanteni mlionizuia maana mzee alishaanza kutafuta mteja wa ndama.

Ushauri wenu wa kutumia salary slip kuonyesha kuwa michango ilikatwa ndo ulituokoa. Mzee ana sanduku la bati chini ya kitanda, slipu zote kazifunga na kamba ya katani mwaka kwa mwaka, zingine panya kala pembeni ila makato yanasomeka, nyingi za enzi za PSPF, mfuko wake wa pensheni wa zamani, kabla mifuko ya watumishi wa umma haijaunganishwa kuwa PSSSF 2018. Tukatoa kopi, tukapanda Coaster mpaka Mbeya mjini na mvua yote ile. Kule kwa mwajiri tulizungushwa, njoo kesho njoo Jumatatu, mpaka tukaandika barua na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yetu, hapo ndo wakachangamka.

Mkupuo, ile hela ya mafao inayolipwa mara moja, umeingia wiki iliyopita, na pensheni ya mwezi imeanza.

Uhakiki wa mstaafu, kuthibitisha kuwa ni yeye na yuko hai, tumefanyia kwenye simu yangu, sura ilikataa kusomeka mara nne kumbe mzee hataki kuvua kofia, anasema baridi.