Naomba ushauri: kuzuia kompyuta za hosteli zisiwasiliane zenyewe kwa zenyewe

Fundi wa Raskazone:
Wakuu, heshima kwenu. Ninasimamia mtandao wa hosteli ya chuo kimoja hapa Tanga, wenye kompyuta zipatazo 200 zilizounganishwa kwa kebo kupitia swichi 11 (vifaa vya kuunganishia kebo za kompyuta), zote zikitumia masafa mamoja ya anwani za IP na kutoka nje kupitia ruta moja. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja alichomeka ruta yake ndogo kwenye soketi ya chumbani, nayo ikaanza kuwagawia wenzake anwani zisizo zetu, hata ghorofa nzima ikakosa intaneti katika wiki ya kukusanya kazi. Hatujakaa sawa, kirusi kikapita kwenye mafolda ya pamoja na kuharibu utafiti wa binti wa mwaka wa mwisho. Alikuja ofisini na flashi mkononi, nami sikuwa na la kumsaidia.

Nimeweka kwenye ruta kanuni ya kuzuia anwani zetu zisiwasiliane. Imekaa siku 3 na kihesabio chake kinasoma 0, yaani haijazuia chochote, ilhali kompyuta bado zinaonana. Ninakosea wapi?

Mzee wa Swichi:
Ndugu, kanuni hiyo umeiweka mahali ambapo data hizo hazipiti. Kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja huulizana kwa ARP (njia ya kuuliza nani mwenye anwani fulani ya IP), na zikishajua anwani za MAC (namba za utambulisho za kadi za mtandao) hupelekeana data kupitia swichi tu, bila ruta kupata habari. Ndiyo maana unaona 0. Zuio liweke kwenye swichi: tafuta kipengele cha kutenga porti (matundu ya kuchomekea kebo), ambacho baadhi ya watengenezaji hukiita porti zilizolindwa. Porti mbili zilizotengwa hazipitishiani chochote, bali kila moja huzungumza na porti iliyoachwa wazi tu.

Binti Pongwe:
Kwa nini asigawe mtandao vipandevipande vya /30 (vyenye anwani 2 tu za kutumika), kila chumba na chake? Hapo kila kitu kitalazimika kupita kwenye ruta.

Mzee wa Swichi:
Hapana, binti yangu, ikiwa swichi zitabaki kama zilivyo. Mwanafunzi akibadilisha mwenyewe anwani na kinyago cha mtandao (kinachoonyesha anwani zipi ni za mtandao wake) kwenye kompyuta yake, atawafikia wenzake, na IPv6 ya ndani (anwani ambazo kompyuta hujipa zenyewe) itaendelea kufanya kazi bila kujali mgawanyo wako. Vipande hivyo vina maana pale tu kila kimoja kinapokuwa na VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi zilezile.

Chumbageni Mtandao:
Naongeza jambo ambalo liliwahi kunitesa. Kutenga porti hufanya kazi ndani ya swichi moja tu. Ukitenga porti za vyumba peke yake, kompyuta ya swichi ya kwanza itapanda hadi swichi kuu, kisha itashuka kwenye swichi ya pili na kumfikia jirani bila kizuizi. Kwa hiyo, kwenye kila swichi, ikiwemo swichi kuu, tenga porti zote zinazotazama vyumbani, pamoja na zile zinazoshuka kwenye swichi nyingine, uache wazi ile moja inayoelekea kwenye ruta. Anza na swichi ya mbali na urudi nyuma, maana ukitenga kwa makosa porti ya kupandia utaikata swichi nzima, nawe utalazimika kuifuata kwa miguu. Kwa waifai, washa pia utengaji ndani ya kila aksesi pointi (kifaa cha kurushia waifai), kwa sababu swichi haioni wanaozungumza ndani ya aksesi pointi moja. Printa na seva zihamishie VLAN nyingine. Huko kanuni za ruta yako zitafanya kazi. Tena hakikisha ruta haijawashwa ARP ya uwakala (ruta kujibu maswali ya ARP kwa niaba ya kompyuta nyingine) upande wa vyumba, la sivyo yenyewe itawaunganisha uliowatenganisha.

Kirusi nacho usikiachie swichi peke yake. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilienea kupitia porti 445 (hii ni namba ya huduma ndani ya kompyuta, si tundu la swichi) ya kushirikishana mafaili, wakati Microsoft ilikwisha kutoa kiraka (sasisho la kuziba tundu hilo) tangu Machi. Sasisheni kompyuta.

Fundi wa Raskazone:
Mzee, shikamoo na ahsante, Chumbageni, umeniokoa. Jana usiku nilichomeka laptopu mbili kwenye swichi mbili tofauti. Nilipotenga porti za vyumba pekee, ping (jaribio la kuona kama kompyuta nyingine inafikika) ilijibu. Nilipotenga na zile za swichi kuu, ikakatika papo hapo, na intaneti ikabaki. Nikaichomeka tena ile ruta ndogo, na chumba cha jirani kikapata anwani yetu sahihi. Zimebaki swichi 2 za zamani zisizo na mipangilio yoyote; hizo nimeziombea fedha za kuzibadilisha, kwa kuwa waliochomeka humo bado wanaonana.