Lusani au nyasi za kawaida kwa farasi: chanzo kipi kina hatari ndogo zaidi ya mbawakawa wa malengelenge?

Malisho_Bora:
Wakuu, tulinganishe. Farasi mzima wa kilo 450 hula nyasi kavu kilo 7 hadi 9 kwa siku, na mwenye banda kubwa huamua mara moja tu atanunua nini kwa msimu mzima. Akikosea, analisha kosa hilo kwa miezi.

Machaguo ni manne: lusani (alfalfa) ya mkato wa kwanza, yaani mavuno ya kwanza ya msimu, lusani ya mikato ya katikati ya majira ya joto, nyasi za kawaida kama timothi au bermuda, na lusani iliyosagwa ikashindiliwa kuwa punje au vibumba. Naomba tuyapime kwa jambo moja, yaani sumu ya kantharidini inayotoka kwa mbawakawa wa malengelenge, wadudu wanaofungwa ndani ya nyasi kavu wakati wa kuvuna na kuliwa na farasi. Protini iingie pale tu inapobadilisha uamuzi.

Wadudu_na_Mazao:
Nianze na mdudu mwenyewe, maana tarehe ya mkato haieleweki bila yeye. Mbawakawa hawa ni wa familia ya Meloidae, na wanaosumbua zaidi kwenye lusani ni wa jenasi Epicauta. Wana mwili laini na mrefu wa sentimita 1 hadi 2.5, kichwa kipana, na shingo iliyo nyembamba kuliko kichwa na kuliko mabawa. Shingo hiyo ndiyo alama ya haraka ya kuwatambua. Rangi zinatofautiana: weusi, wa kijivu, na wale wa rangi ya chungwa wenye milia myeusi. Hao wa milia ndio wabaya kuliko wote, kwanza kwa sababu wanabeba sumu nyingi, pili kwa sababu wanakaa kwa makundi. Shamba zima linaweza kuwa safi, kisha eneo dogo pembeni likajaa mamia yao.

Kwenye nyanda za kusini za Marekani, kama Texas, Oklahoma na Kansas, wakubwa huanza kuonekana mwishoni mwa Mei na kuendelea hadi Septemba hivi. Wanafuata maua, na lusani iliyochanua inawaita kutoka mbali. Kwa hiyo mkato wa kwanza, unaofanyika kabla hawajatoka ardhini, na ule wa mwisho, baada ya wao kwisha, ndiyo yenye hatari ndogo. Mikato ya katikati inaangukia wakati wao kamili.

Jambo lingine la kuangalia ni panzi. Viluwiluwi vya Epicauta hula mayai ya panzi ardhini, kwa hiyo mwaka wa panzi wengi hufuatwa mara nyingi na mwaka wa mbawakawa wengi. Ukisikia eneo unalonunulia lilivamiwa na panzi mwaka uliopita, mikato ya katikati ya eneo hilo iache kabisa.

Tabibu_wa_Farasi:
Naongezea kiasi cha sumu, kwa sababu wengi hudhani inahitajika ndoo ya wadudu. Dozi inayoua farasi hukadiriwa kuwa miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Farasi wa kilo 450 basi anauawa na miligramu 225 hadi 450. Dume la mbawakawa wa milia linaweza kubeba takriban miligramu 5. Pigeni hesabu: ni wadudu 45 hadi 90 wa kiwango hicho, na kundi lililofungwa ndani ya robota moja (mzigo mmoja wa nyasi kavu zilizoshindiliwa na kufungwa) linaweza kuzidi idadi hiyo. Aina nyeusi mara nyingi zina chini ya miligramu 1 kila mdudu, ndiyo maana kujua aina kuna maana. Na chini ya dozi ya kuua bado kuna maumivu makali ya tumbo na madhara kwenye figo.

Kantharidini haina rangi wala harufu, na haiharibiki kwa kukauka, kwa joto la kawaida la kuhifadhi, wala kwa muda. Nyasi zilizokaa ghalani mwaka mzima zina sumu ileile. Asidhani mtu kwamba robota la zamani limepoa.

Fundi_Marobota:
Mnazungumzia tarehe tu, wakati mashine nayo ina uzito uleule. Mbawakawa akiwa hai hung'ang'ania chakula kibichi. Lusani ikikatwa na kuanza kunyauka, anaondoka mwenyewe. Tatizo linaanza pale mashine inapokata na kuponda mabua kwa pamoja. Zile rola mbili zinazovunja mabua ili yakauke haraka zinamponda mdudu papo hapo, naye anabaki kwenye safu hadi ndani ya robota.

Kwa hiyo lusani ya katikati ya msimu iliyokatwa kwa mashine isiyo na rola ni bora kuliko iliyopondwa, hata kama zote zimekatwa siku moja. Mambo matatu huharibu faida hiyo:

Magurudumu. Trekta ikipita juu ya safu mbichi inaponda wadudu sawa na rola. Mashine inayokata pembeni mwa trekta inataka dereva apange mizunguko asikanyage alichokata.

Haraka. Ukikusanya na reki mapema mno, wadudu bado wamo. Safu itandazwe pana, angalau asilimia 70 ya upana uliokatwa, ikusanywe unyevu ukiwa umeshuka hadi karibu asilimia 40, na marobota madogo yafungwe kwenye asilimia 15 hadi 18.

Mvua. Bila kuponda, mabua ya lusani yanachukua siku moja au zaidi ya ziada kukauka. Mvua ikinyesha katikati unapoteza majani na kupata ukungu, na ukungu nao ni adui wa mapafu ya farasi. Ndiyo sababu wakulima wengi hawataki kuziachia rola. Wengine huzifungua tu pengo kati yake liwe pana badala ya kuzitoa. Hilo linapunguza kuponda lakini haliondoi hatari.

Wadudu_na_Mazao:
Nakubaliana na Fundi, ila kabla ya mashine kuna kukagua. Shamba litembelewe ndani ya saa 24 kabla ya kukata, si wiki moja kabla, kwa sababu kundi linaweza kuhamia kwa saa chache. Anza kingoni na kwenye magugu yenye maua, kisha uingie ndani. Ukikuta kundi, uliache eneo hilo bila kukata pamoja na mita kadhaa kulizunguka, au usubiri wahame. Na lusani ikatwe kabla ya asilimia 10 ya mimea kuchanua, kwani shamba lisilo na maua haliwavuti sana.

Ghala_Kavu:
Na kupulizia dawa je? Halafu kwa aliyekwisha kununua, si anaweza kufungua robota, akakung'uta kila tabaka, akaokota wadudu akalisha? Marobota madogo yanafunguka kwa matabaka, kazi haizidi dakika chache.

Tabibu_wa_Farasi:
Ndugu Ghala, kukagua fanya, kila siku, tena mchana kwenye mwanga. Lakini kukagua kuwe kwa ajili ya kukataa, kusiwe kwa ajili ya kusafisha. Mdudu anapopondwa, majimaji ya mwili wake yanalowa kwenye majani na kukaukia hapo. Ukiokota ganda, sumu imebaki kwenye jani ambalo kwa macho ni la kijani na zuri. Ukiona mbawakawa mmoja mwenye shingo ile nyembamba, robota zima liondoke, na marobota ya shehena ileile yasilishwe mpaka ijulikane yalitoka sehemu gani ya shamba. Vaa glavu, maana hata mdudu mkavu anaweza kutoa malengelenge kwenye ngozi. Usiwapelekee mbuzi wala kondoo nyasi hizo ukidhani wao wako salama, nao hudhurika.

Msitegemee pia sampuli ya maabara kwa shehena nzima. Makundi yanakaa sehemu moja, kwa hiyo unaweza kutoboa marobota ishirini ukapata majibu safi, na la ishirini na moja likawa na kundi zima.

Wadudu_na_Mazao:
Kuhusu dawa: inaua, ndiyo, lakini maiti zinaweza kubaki kwenye lusani, na kundi jipya linaweza kuingia wakati unangoja siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna. Pia lusani yenye maua imejaa nyuki. Kama njia ya kupata nyasi salama za farasi, dawa naiweka chini ya kukata mapema.

Mlishaji_Mkuu:
Sasa nyasi za kawaida. Hapa hatari inashuka sana, kwa sababu nyasi hazina maua yanayowavuta mbawakawa hawa. Inabaki pale nyasi zimechanganyika na lusani, au shamba lina magugu mengi yaliyochanua. Ukinunua nyasi tupu, tazama kama kuna mashina ya magugu ndani ya robota.

Wengi hung'ang'ania lusani bila kuihitaji. Lusani ina protini asilimia 16 hadi 20 na zaidi. Nyasi nzuri zina 8 hadi 12. Farasi mzima anayefanya kazi nyepesi anatosheka na nyasi nzuri. Wanaoihitaji kweli lusani ni jike anayenyonyesha, mwana farasi anayekua, na farasi aliyekonda. Kwa hiyo mimi ningenunua nyasi kwa banda zima, na lusani ya mkato wa kwanza kwa hao wachache, ihifadhiwe sehemu yake isichanganyike. Kiasi cha lusani unachokagua kinapungua kuwa kidogo kiasi kwamba kila tabaka linaweza kweli kupita mikononi mwa mtu.

Mabadiliko yafanywe polepole, siku 7 hadi 14, ukiongeza nyasi na kupunguza lusani. Ukibadili kwa siku moja unaweza kuleta maumivu ya tumbo kwa njia nyingine.

Malisho_Bora:
Punje na vibumba bado hatujavigusa. Kuna wanaosema joto la kiwandani linamaliza sumu.

Mlishaji_Mkuu:
Halimalizi. Kusaga kunaisambaza sumu kwenye mzigo mkubwa, kwa hiyo uwezekano wa farasi mmoja kula kundi zima kwa mlo mmoja unapungua, lakini unapoteza uwezo wa kuona chochote. Ni chaguo zuri kama kiwanda kinaweza kukueleza lusani yake ilikuwa ya mkato gani. Kisipojua, mimi naliweka chini ya nyasi za kawaida na chini ya mkato wa kwanza.

Malisho_Bora:
Tabibu, dalili zikoje, na mtu afanye nini kabla hujafika?

Tabibu_wa_Farasi:
Dalili huanza ndani ya saa chache. Farasi anaacha kula, anatoka jasho, anajitazama ubavuni, anagaagaa. Linalotofautisha na maumivu mengine ya tumbo ni kinywa na mkojo: anatumbukiza mdomo majini na kuchezea maji bila kunywa sana, fizi na ulimi vina vidonda, na anakojoa mara kwa mara kidogokidogo, wakati mwingine mkojo una damu. Kalsiamu na magnesiamu vikishuka kwenye damu, anatembea kwa ukakamavu na ubavu unaweza kudunda sambamba na moyo. Akizidiwa, kifo kinaweza kuja kati ya saa 6 na 72.

Ondoa nyasi mbele ya farasi wote, si wa huyu mgonjwa peke yake. Muache na maji safi. Tenga robota alilokula pamoja na mabaki ya hori. Akikojoa, kinga mkojo kwenye chombo safi uuweke kwenye baridi, kwa sababu kantharidini inatoka mwilini ndani ya siku chache na mkojo wa mapema ndio wenye majibu. Usimnyweshe mafuta kwa chupa. Yanaweza kuingia mapafuni, na uamuzi wa nini kipite kwenye mrija wa pua, mkaa wa tiba au udongo wa kunyonya sumu, ni wa daktari wa mifugo. Dawa ya kuizima sumu haipo. Matibabu ni dripu nyingi, kalsiamu na magnesiamu, na dawa za maumivu zinazochaguliwa kwa kuangalia figo. Kila saa unayochelewesha simu inamgharimu yeye.

Ghala_Kavu:
Nimekuelewa, asante. Na marobota makubwa ya mviringo?

Fundi_Marobota:
Kwa lusani ya katikati ya msimu, yakatae. Hayafunguki kwa matabaka, na farasi anajilia mwenyewe bila mtu kuona. Ya nyasi tupu hayana shida hiyo.

Kwa muuzaji yeyote wa lusani uliza haya, ayaandike kwenye risiti: ni mkato wa ngapi na tarehe gani, lusani ilikuwa imechanua kiasi gani, mashine ilikuwa na rola za kuponda au la, nani alikagua shamba na lini, na marobota ya kingoni yalitengwa au yalichanganywa. Asiyejua mkato wa ngapi, mshukuru utafute mwingine. Ukipokea mzigo, kila shehena ipewe alama ya rangi kabla haijapangwa ghalani, ili siku mdudu mmoja akionekana ujue ni marobota yapi ya kutoa.