Kisima shambani Chamwino: pampu ya kuzama au ya juu? Naombeni ushauri

KijanaWaTegeta: Wakuu habari za jioni. Nina shamba ekari 6 Chamwino, njia ya kwenda Iringa. Misimu miwili nimepigwa. Mwaka juzi mvua ilianza vizuri Desemba, nikapanda mahindi, Januari ikakata wiki tatu, majani yakajikunja kama sigara. Mwaka jana nikajifanya mjanja nikasubiri, nikachelewa. Sasa basi, sitaki kutegemea mawingu tena. Nachimba kisima, naweka pampu ya sola, tanki la lita 10,000 juu ya mnara, mipira ya umwagiliaji wa matone ekari 2, vitunguu na nyanya. Bajeti 17m. Swali dogo tu: pampu ya kuzama au ya juu? Na mipira ipi haizibi haraka? Matusi hapana, usingizi wenyewe sipati.

Babu_Kisima: Pampu ya juu hunyonya mita 7 au 8, mwisho wake hapo. Ukiuliza hivyo maana yake hujui maji yako kina gani. Umepima?

Binti_Mpwapwa: Mahindi, Chamwino! Marehemu babu angekucheka mpaka adondoke kigodani. Kule mvua ni moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, na katikati lazima ikate. Panda mtama. Ule wa mbegu ya Macia unavumilia na haukawii kukomaa. Halafu chimba mashimo ya Chololo, yametoka kijiji cha hapohapo Dodoma: kina cha futi moja, sentimita 60 shimo hadi shimo, 90 mstari hadi mstari, samadi ndani. Maji yanatuama kwenye shina badala ya kukimbilia korongoni. Gharama yake ni jembe na mgongo.

Kasimu_Delta: Nyie mnalilia mvua? Sisi Rufiji Aprili 2024 tulitafuta shamba kwa mtumbwi. Ekari 4 za mpunga, sikuona hata jani. Nimebaki na picha ya paa la choo.

KijanaWaTegeta: @Binti_Mpwapwa asante dada, ila mtama bei yake naijua. Nirudi kwenye pampu.

Wa_Nanyuki: Ndugu, kabla ya kisima fikiria bima. Huku kwetu Laikipia, Kenya, bima za mvua zilianza 2009. Lakini soma masharti, maana hakuna mtu anakuja kuangalia shamba lako, wanapima mvua ya eneo zima. Msimu mmoja ilinyesha upande ule mwingine wa bonde, kwangu vumbi tupu. Kwenye hesabu yao sisi sote tulilowa. Sikupata hata shilingi.

Chaputa: Kilimo cha kwenye simu kitamu sana. Ekari 2, magunia 160, zidisha bei ya Aprili, hiyo hapo Prado.

Babu_Kisima: Narudia. Umepima?

KijanaWaTegeta: Fundi amekuja na vijiti viwili, vimekutana penye mbuyu. Ana uzoefu wa miaka 20.

Babu_Kisima: Uzoefu wa vijiti. Mkataba unasemaje mkikuta mwamba mkavu? Wengi wanalipwa kwa mita, maji yawepo yasiwepo. Na kibali cha ofisi ya bonde la maji?

MamaWawili: Mdogo wangu, mbona unakwepa? Unaongea kama mtu aliyeshalipa. Hizo milioni 17 ni zako?

KijanaWaTegeta: Ni za familia.

MamaWawili: Familia ndiyo nani?

KijanaWaTegeta: Haya. Ni kiinua mgongo cha mzee. Amefundisha shule ya msingi miaka 34. Alinipa nimtafutie kiwanja ajenge vyumba vya kupangisha. Nimeshamlipa mchimbaji 6m. Lakini wakuu, kiwanja kinakaa tu, maji yanazalisha! Vitunguu misimu miwili namrudishia na faida. Sijaiba, nimewekeza.

Binti_Mpwapwa: Yesu wangu.

Kasimu_Delta: Mzee wangu mimi alistaafu bandarini, kaka akanunua bodaboda tatu. Tusiongee zaidi.

Mlokole_77: Waheshimu baba yako na mama yako, siku zako zipate kuwa nyingi. Na hayo mabadiliko ya tabianchi tunayaleta wenyewe, miti imeisha kwa mkaa.

Chaputa: Mlokole unapikia nini nyumbani?

Mlokole_77: Hiyo si mada.

Jicho_Kavu: Jamani, hii ni chai, stori ya kutunga. Misimu miwili kapata hasara, ila hajataja mbegu wala kibarua hata mmoja. Mtu hajui maji yako wapi lakini anajua tanki la lita 10,000 na mnara? Subirini, atakuja jamaa mwingine na namba ya WhatsApp ya pampu za sola. Tangazo hili.

Chaputa: Chai ya rangi, tangawizi nyingi. Nani anakumbuka uzi wa kutajirika kwa kufuga kware?

Kasimu_Delta: Usinikumbushe kware. Nilikuwa na 400.

Chaputa: Uliwafanyaje?

Kasimu_Delta: Tuliwala. Mpaka leo wanangu hawataki kuona yai dogo.

KijanaWaTegeta: Jicho_Kavu, ningekuwa nauza pampu ningeuliza ipi nzuri? Mbegu nilinunua dukani Dodoma mjini, mahindi ya muda mfupi. Vibarua walikuwa watano, mmoja bado namdai jembe. Gari la kuchimba linaingia kesho asubuhi, ndiyo maana niko macho.

Babu_Kisima: Mimi namwamini, wajinga wa aina hii nimewachimbia wengi. Kijana, jirani ana kisima?

KijanaWaTegeta: Yupo, mita 300 hivi. Ananyweshea ng'ombe tu. Mkewe anasema sabuni haitoi povu, na chai haikolei.

Chaputa: Kumbe chai yenyewe ina chumvi!

Babu_Kisima: Basi achana na habari za mipira ipi. Maji hayo yataziba matundu yote, na kitunguu hakipendi chumvi. Mpigie mchimbaji usiku huu asimamishe gari. Kesho jaza chupa kwa jirani, peleka maabara ya maji. Hiyo 6m tutaona atarudisha kiasi gani.

KijanaWaTegeta: Atasema mkataba ni mkataba.

MamaWawili: Na mzee anajua?

KijanaWaTegeta: Ndiye anapiga sasa hivi. Narudi.